Kinu cha Maji Nyuma ya Migomba

Mwezi uliopita nilimpiga kijana wa mashine ya kusaga kwa bakora yangu, mbele ya watu, na sijamwomba msamaha mpaka leo. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la mihogo mikavu, hapa Pinga, nikingoja nifikiwe. Mashine ilikuwa inanguruma, na harufu ya mafuta mazito ilikuwa imechanganyika na uchachu wa unga wa muhogo, ule unaochoma pua. Yule kijana akaona unga umeganda kwenye mdomo wa mashine, akaingiza mkono kuuchokoa bila kuzima. Sikufikiri. Bakora ilimshukia kwenye kifundo cha mkono, akautoa haraka huku akilia. Mmoja akasema bibi huyu amerukwa na akili, mwingine akasema ni uzee tu, tumsamehe. Si uzee. Ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye kambi za migodi kabla Wazungu hawajaondoka, huenda mtanielewa nikiwaeleza.

Papa yangu alikuwa mchimbaji wa kawaida, mtu wa koleo na karai, kwenye mgodi mmoja katika misitu ya Walikale. Ufundi haukuwa kazi yake, ulikuwa ugonjwa wake. Kitu kilichovunjika hakikuweza kumpita. Sufuria za jirani alizitia viraka vya makopo. Mwavuli wa katekista uliovunjika mbavu aliutia mbavu mpya za waya wa baiskeli, na pampu iliyokufa akaigeuza kuwa kivukuto cha kupulizia moto. Nyuma ya kambi palikuwa na shimo ambamo kampuni ilitupa vyuma vyake vilivyochakaa, na Papa alilitembelea kila Jumapili baada ya sala, kama wengine wanavyowatembelea wakwe. Mama alikuwa akimcheka. "Siku nitakufa," alimwambia, "weye utaangalia kwanza ni fasi gani ilikatika." Papa alijibu bila kuinua kichwa, "Nikiiona, nitaitengeneza."

Lakini kambi ile ilikuwa kambi ya vipigo, na sitii chumvi. Kila asubuhi wanaume walipanga mstari wa apeli, kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, akaita majina, na aliyechelewa au aliyejibu kwa sauti isiyopendeza alilazwa kifudifudi kwenye matope akapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Mzungu wa kambi alisimama na kikombe chake cha kahawa akitazama. Tulimwita Bwana Polepole, kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja. "Polepole," alimwambia askari mwenye fimbo, ili kila pigo lisikike peke yake. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu wa apeli, mmoja anakuwa kapita, wengine wanalala chini. Mimi nilipenda kuwa kapita, na nilipiga kwelikweli.

Wake za wachimbaji nao walikuwa na mzigo wao. Kila Jumamosi kila mke alipeleka kikapo kimoja cha unga wa muhogo kwa ajili ya posho ya wafanyakazi wasio na wake. Kapita aliukagua. Alichota kidogo, akausugua kati ya vidole, na unga ukiwa na chembe aliumwaga chini, mwenye kikapo akarudi nyumbani na alama za fimbo. Jumamosi moja Mama alikuwa ametoka kwenye homa, mikono haina nguvu, unga ukatoka wenye chembechembe kama mchanga. Kapita aliumwaga, kisha akampiga kwa mpini wa koleo, pale bega linapokutana na shingo. Nilisikia mfupa. Ulilia kama mti wa muhogo unapovunjwa kuwa mbegu ya kupanda. Papa alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja pamoja na wanaume wenzake, na hakuinua hata mguu.

Mganga wa mifupa alifunga bega lile kwa magome, likaunga vibaya. Tangu hapo mkono wa Mama haukupanda kupita kifua. Na mtu ambaye mkono wake haupandi atainuaje mchi? Jumamosi nyingine ikaja vilevile, haikumngoja mtu. Mimi na Koko, mama yake Papa, tulitwanga mpaka viganja vyangu vikapasuka na damu ikaingia kwenye unga, ikabidi tuchambue. Kapita alikipokea kikapo akamwambia Mama, "Kikapo ikikosa tena, nitavunja na ile mukono ingine." Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nilimngoja Papa afanye kitu. Alichofanya ni kurudi kutoka shimoni na bomba la chuma lenye kutu, akakaa nyuma ya migomba, kando ya kijito, akaanza kulikwangua kwa jiwe. Jumapili iliyofuata alileta bati la pipa. Mama anagugumia maumivu ndani ya nyumba, yeye yuko nje anagonga bati. Nilimchukia, nalisema wazi. Nilimwambia Koko, "Papa iko mwoga." Koko alinipiga kofi nikaona nyota, halafu akanipa muhogo niumenye.

Kumbe Papa alikuwa anatengeneza mkono. Alichonga gurudumu la mti mgumu, akalizungushia vibao vya bati ili maji yalisukume. Lile bomba likawa mhimili wake. Juu yake aliweka gogo refu kama pembea ya watoto, upande mmoja umeshika mchi juu ya kinu cha Mama, upande wa pili ni mkia. Gurudumu likizunguka, jino la chuma linaukanyaga mkia, mchi unapanda. Jino likipita, mkia unaachiliwa, mchi unashuka kwa uzito wake wote. Maji aliyazuia kwa ubao uliosimama kwenye mfereji aliouchimba kutoka kijitoni, na ubao ule akanikabidhi mimi. Alinifundisha kuufunga wakati mchi uko juu, ili Mama aweze kuchota. Alinishika kidevu aliponiambia sheria ya kazi ile. "Mukono ya mutu ikiwa ndani ya kinu, ubao hauguswe. Hata nyumba ikiwaka moto."

Haikukubali mara moja. Gogo la kwanza lilivunjika likamkosa Papa kichwani kwa upana wa kidole. La pili lilirusha mchi kwenye migomba. La tatu lilikubali, tu, tu, tu, na sote tulikuwa tunacheka wakati kuku wa Koko alipodandia ukingo wa kinu kudonoa. Mchi ulishuka juu yake. Hakukuwa na kuku tena, ila manyoya na uji mwekundu, na mguu mmoja uliobaki ukingoni ukiendelea kukunja vidole.

Koko hakulilia kuku. Alisema kitu kibaya zaidi. "Mulijua mulambo haiyatoka. Mashini imejilipa yenyewe." Mulambo, kwa wasioujua, ni zawadi ya heshima anayopewa mwenye nchi. Mjomba wangu aliponasa mnyama wake wa kwanza, paja lilikwenda kwa mwami, yaani chifu, kabla sisi hatujalamba hata mchuzi. Kitu kipya, cha kwanza chake hakiliwi na aliyekitengeneza. Ukila, kitu kile kitakugeukia. Papa alisema mwami yuko mbali, siku nne kwa miguu, tutapeleka siku moja tukipata ruhusa. Wakaosha kinu wakaendelea. Mimi nilibaki nikiutazama mkono wa Mama kila unapoingia kuchota unga. Niliwaza kwamba kuku ameliwa, sasa ni zamu ya Mama.

Jumapili iliyofuata unga wa kwanza safi ulitoka, mweupe, laini kama vumbi la bawa la kipepeo. Wakubwa waliingia ndani kula. Nikafikiri kwa akili yangu yote ya utoto. Mwenye nchi ni nani? Mwami sijawahi kumwona. Anayegawa nyumba, anayegawa shamba, anayesema nani apigwe na nani apone, ni kapita. Tena huwa tunaambiwa mwami naye ni mkali, na akishapokea haki yake hakugusi. Nikachota unga kwenye jani la ngongo, nikaufunga vizuri, nikaenda nikapiga magoti mbele ya nyumba ya kapita, nikautoa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimeamua kumwokoa Mama, na niliona fahari.

Kapita alikuwa amekaa kwenye kiti cha matete, miguu ndani ya beseni la maji. Aliufungua unga. Akausugua kati ya vidole, akausugua tena, akaugusa kwa ulimi.

"Nani alitwanga hii?"

"Ni yetu, Bwana. Ni ya kwanza."

"Mama yako? Na ile mukono?"

"Hapana, Bwana. Ni maji njo inatwanga."

Alitabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Alijifuta miguu, akawaita askari wawili, akaniambia nitangulie. Nikatangulia mbele yao kifua mbele, nikijua watu wa mwami ndivyo wanavyokuja kupokea.

Papa alikuwa ameinama ng'ambo ya mfereji akipaka mhimili mafuta ya mawese. Mama na Koko walikuwa wanachekecha. Mimi nilikwenda moja kwa moja mahali pangu, kwenye ubao. Kapita alilizunguka gurudumu mara mbili, akashika bati, akashika gogo. Nilingoja asifu, na kweli alisifu.

"Iko kazi ya akili," alisema. Kisha akalipiga teke bomba. "Tuyo ya nani?"

"Ilikuwa mu shimo ya kutupa, Bwana," Papa akajibu. "Ilikwisha kuoza."

"Hata mavi ya kampuni, iko ya kampuni."

"Nitarudisha."

"Utarudisha na ngozi." Akamgeukia Mama. "Na weye, nilikuambia nini? Kazi iko ya mikono." Akampiga kwa fimbo yake ya mkononi, kwenye ule mkono mzima. Mama akaanguka juu ya unga. Papa aliuruka mfereji, na siku ile ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kuwa mwoga, alikuwa anahesabu tu. Askari mmoja alimkuta hewani kwa kitako cha bunduki, mdomoni. Meno mawili yalitoka. Walimvuta mpaka ng'ambo, wakampigisha magoti ndani ya maji, mmoja akamkanyaga mgongoni.

Kapita alisema lazima Bwana Polepole auone unga huu kwa macho yake. Mchi ulikuwa juu, maana nilikuwa nimeyafunga maji kama nilivyofundishwa. Akakunja mkono wa shati, akainama, akatia mkono wa kuume ndani ya kinu mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa na bangili ya waya wa shaba. Niliiona bangili ile, niliuona na mkono. Nikainua ubao.

Watu walisema baadaye kwamba maji yalikuwa mengi yakausukuma ubao wenyewe. Wengine wakasema ni mulambo. Mimi nasema niliuinua. Nilikuwa na umri wa mtoto ambaye bado hajapoteza meno yake yote ya utoto, na nilijua ninachofanya. Gurudumu lilianza taratibu, jino likapita, mchi ukashuka. Sauti yake ilikuwa fupi. Kapita hakulia mara moja, alitazama tu kama mtu aliyeitwa jina. Alipojaribu kuutoa mkono, mchi ulikuwa umepanda ukashuka tena. Ndipo alipolia, na ndege wote wakaondoka kwenye migomba. Unga ule mweupe wa kwanza ukawa kama matope ya udongo mwekundu. Koko ndiye aliyerudisha ubao.

Askari waliuliza nani amefungua maji. Nilifungua mdomo. Papa alinitangulia kutoka ng'ambo, damu ikimtoka kinywani, maneno yakipita kwenye pengo la meno.

"Ni miye. Niliitega. Haikukuwa mashini, ilikuwa mutego."

Yule askari aliyekuwa amemkanyaga alijua ni uongo, mikono ya Papa ilikuwa chini ya maji wakati wote. Alinitazama mimi, akautazama ubao, akainamisha macho. Sijui jina lake, lakini yule mtu nimemwombea miaka yote. Mimi nilidhani Papa amesema vile kwa sababu hakuniona. Nilidhani anaamini kwamba mashine yake imejifungua yenyewe, na akaona aibu kama fundi.

Kabla ya kumchukua walimpa nyundo yake mwenyewe avunje. Alianza kwa kugongoa kabari ya gogo, kisha akainama kutoa misumari ya bati mmojammoja na kuiweka pembeni juu ya jani. Askari wa pili akamsukuma. "Vunja. Nani alikuambia ufungue?" Papa akavunja. Nimeona watu wakipigwa, nimeona baadaye hata watu wakiuawa, nchi hii haijanificha kitu. Bado sijaona uso kama ule alipopiga gurudumu pigo la kwanza.

Asubuhi yake kambi nzima iliitwa kwenye apeli, wanawake na watoto pia. Papa alilazwa kwenye matope. Bwana Polepole alikuwa na kikombe chake. Akasema lile neno lake, na askari akaanza, polepole. Mama alinifunika mdomo kwa kiganja, mdomo tu, si macho. Nilijaribu kupiga kelele kwamba ni mimi, nikamng'ata mpaka nikasikia chumvi ya damu yake, hakuachia. Ngozi ilipasuka mapema, mapigo mengine yote yaliangukia nyama. Papa hakulia. Mwishowe walimfunga kamba wakampeleka buloko, jela ya kule Masisi, kwa miguu, na sisi tukafukuzwa kambini siku hiyohiyo. Kapita naye alikatwa mkono juu ya kifundo. Tulisikia kwamba alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto, na kwamba haikumchukua muda mrefu.

Tulikwenda kukaa kwa ndugu zake Mama, upande wa Buleusa. Mahindi yalivunwa mara mbili kabla Papa hajarudi. Alikuja kwa miguu, mwembamba, mgongo wake umekuwa kama gome la mti wa zamani. Kwa muda mrefu hakugusa chombo. Sufuria ikitoboka tulipikia nyingine. Watoto walimwita mzee na hakuwa mzee. Nami sikulala karibu naye, maana kila nilipomwona mgongo niliuona mkono wangu juu ya ubao. Nawaambieni ukweli, ule mkono wa kapita sijaujutia mpaka leo. Nimejutia mgongo.

Siku moja nikimletea maji ya kunywa aliniambia nikae, akaniita kwa jina langu.

"Furaha. Ile unga ulimupelekea kapita. Aliifanya nini?"

"Aliisugua na vidole, Papa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Kiisha akalamba."

"Akasema nini?"

"Akauliza ni nani alitwanga."

Papa akatabasamu kwa lile pengo lake. "Basi ilikuwa laini," alisema. Nikaanza kulia. Nikasema, "Papa, ule ubao, miye njo..." Akanikata. "Uniletee kisu. Na ule mti wa kabari, nyuma ya nyumba."

Alijenga tena, kwenye kijito cha kule, bila hata kipande kimoja cha chuma. Mhimili ulikuwa wa mti, jino la mti, na vibao vya gurudumu vya mti uliokaushwa juu ya moto wa Koko. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu mgongo haukumruhusu kuinama zaidi ya kidogo kidogo. Siku ya kuanza, Mama alimimina mihogo kinuni kwa ule mkono usiopanda. Koko akawa ameshika jani la ngongo, maana tulikuwa tumekubaliana kwamba unga wa kwanza, yaani mulambo, utakuwa wake yeye, mkubwa wa nyumba. Mimi nikaenda kwenye ubao. Haukuwa ubao ule niliouzoea. Papa alikuwa ameupitishia kigingi kirefu cha mti mgumu upande huu wa mfereji, na mshikio wa kuinulia akauweka ng'ambo, mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuvifikia vyote viwili.

Nilimuuliza kwa nini ameifanya ngumu hivyo.

Alishuka ng'ambo polepole, akashika mshikio, akanitazama. "Ile ya kwanza ilikuwa na kosa," alisema. "Mutu moja aliweza kuifungua na hasira yake peke yake. Sasa angalia kinu. Mukono haiko ndani?"

Niliangalia. "Haiko, Papa."

"Vuta."

Nikavuta kigingi, naye akainua ubao.